Maswali ya wasomaji: Romanov wa damu na Romanov wa jina tu

Toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja kuhusu mapinduzi ya Urusi ya 1917, nikamtaja Tsar, yaani mfalme, Nikolai II kwa jina la ukoo, Romanov. Jina hilo moja limeniletea barua za kutosha mwezi mzima. Wengi wanauliza historia, wachache mpira, na mmoja anauliza kondoo. Zilizofanana nimeziunganisha. Barua mbili zilizonitaka nitamke ni nani mrithi halali wa kiti cha Urusi nimezijibu huko chini, kwa tahadhari ya bibi asiyetaka kuingilia ugomvi wa mirathi ya watu.

Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi melini na Mrusi mmoja anayeitwa Romanov. Akishalewa hujitapa kwamba yeye ni wa ukoo wa wafalme. Nimwamini? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba, mwanangu. Mpe chai kali, usimpe ufalme. Romanov ni jina la kawaida kabisa huko Urusi, na sababu yake ni nyepesi: maana yake ni "wa Roman". Popote palipokuwa na mzee aitwaye Roman, awe mhunzi, padri au mkulima wa shayiri, wajukuu zake waliweza kuitwa Romanov bila kumwomba mtu ruhusa.

Hata hao wafalme walilipata hivyo hivyo. Babu yao wa mbali anayejulikana ni Andrei Kobyla, kabaila wa Moscow aliyetajwa katika maandishi ya mwaka 1347. Kobyla ni farasi jike. Mwanawe Fyodor alibandikwa jina la Koshka, yaani Paka, na kizazi chake kikawa akina Koshkin. Baadaye akatokea Zakhary, watu wake wakaitwa Zakharyin. Wakati ule jina la ukoo halikuwa limeganda. Lilifuata babu aliye karibu, kama sisi Watanzania tunavyoandika jina la babu kuwa la tatu, na mtoto akizaa, jina linahama.

Kisha akaja Roman Yurievich Zakharyin, aliyefariki 1543. Mzee huyu hakutawala chochote. Bahati yake ilikuwa binti, Anastasia, aliyeolewa mwaka 1547 na Ivan IV, yule ambaye dunia inamwita Ivan wa Kutisha. Kaka yake Anastasia aliitwa Nikita, na watoto wa Nikita ndio waliolishika jina la babu yao Roman wasiliachie tena. Uzao wa Ivan ulipokatika na nchi ikaingia katika miaka ya machafuko, njaa na wafalme wa kughushi, baraza kuu la nchi lilikutana Moscow mwaka 1613 likamchagua mjukuu wa Nikita, kijana Mikhail wa miaka 16. Kwa hiyo enzi nzima ya miaka 304 ilipata jina kwa mzee ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kumwoza binti vizuri. Roman wa babu yake rafiki yako anaweza kuwa Roman yeyote.

Mwalimu, nimesoma kwamba Nikolai II hakuwa Romanov hata kidogo, alikuwa Mjerumani. Ni propaganda? (Mwanafunzi wa chuo, Mwanza)

Si propaganda, ila "hata kidogo" imezidi.

Ukihesabu kwa upande wa baba, uzao wa Romanov ulikwisha Januari 1730. Peter II, mjukuu wa Peter Mkuu, alifariki kwa ndui akiwa na miaka 14, siku ileile aliyopangiwa kufunga ndoa. Hakukuwa na mwanamume mwingine wa ukoo. Wakatawala wanawake na kitoto kimoja kilichopinduliwa kabla hakijajua kutembea vizuri, hadi zamu ikamfikia Elizabeth, binti wa Peter Mkuu. Elizabeth hakuwa na mtoto wa kumrithi. Akaagiza aletwe mpwa wake kutoka Kiel, Ujerumani, mtoto wa dada yake marehemu. Kijana huyo, Karl Peter Ulrich wa nyumba ya Holstein-Gottorp, alibatizwa upya katika Kanisa la Kiorthodoksi, akapewa jina la Kirusi, akaozwa binti wa Kijerumani, akaambiwa sasa wewe ndiye Romanov. Alitawala nusu mwaka tu, 1762, mkewe akampindua. Mke huyo ndiye Catherine Mkuu, ambaye mwenyewe hakuwa na tone moja la damu ya Kirusi.

Kwa hiyo damu ya Romanov ilimfikia Nikolai kupitia mwanamke mmoja, Anna, dada yake Elizabeth. Na hata hilo lina mashaka, kwa sababu Catherine katika kumbukumbu zake aliacha dokezo kwamba baba wa mwanawe Paul huenda si mumewe bali ni mtu wa ikulu aitwaye Sergei Saltykov. Wanahistoria wengi wanaona Paul alifanana mno na mume halali, sura na vituko. Mimi nawaunga mkono, hasa kwa vituko.

Kuanzia kwa Paul, orodha ya wake inajieleza: Württemberg, Prussia, Hesse, Denmark, kisha Hesse tena. Hao ndio mama na bibi za watawala hadi kwa Nikolai na mwanawe Alexei. Kitabu cha nasaba za Ulaya kilichochapishwa Gotha kiliiandika nyumba hiyo Holstein-Gottorp-Romanov, jina la Kijerumani mbele.

Lakini sikiliza jambo ambalo vitabu vya shule hulipita. Wafalme hawa hawakuwa na haja ya jina la ukoo. Walitia saini "Nikolai" basi, na kila mtu alijua ni nani. Katika sensa ya mwaka 1897 Nikolai II alijaza fomu kama raia wengine, na penye kazi akaandika: Mwenye ardhi ya Urusi. Mwaka 1913 ikulu ilisherehekea kwa shangwe miaka 300 ya nyumba ya Romanov, jina likachapwa kila mahali. Miaka minne baadaye ameng'olewa kitini, na walinzi wake wanamwita Kanali Romanov, kwa sababu cheo chake jeshini kilikuwa kanali na sasa alihitaji jina la kuitwa kama watu.

Alipokuwa kizuizini Tobolsk, Siberia, alipewa kadi ya mgao wa chakula. Jina la ukoo: Romanov. Jina: Nikolai. La baba: Alexandrovich. Cheo: aliyekuwa mfalme. Mtaa: Uhuru. Familia: watu saba. Ukiniuliza ni lini hasa huyu bwana alikuwa Romanov kikamilifu, kwa jina lililojazwa kwenye kisanduku cha karani, nitakuonyesha kadi hiyo.

Binti yangu ameangalia katuni ya Anastasia, anasisitiza kwamba alinusurika. Mimi baba yake sijui nimwambie nini. (Msomaji, Dodoma)

Mwambie ukweli akifika umri wa kuumudu. Usiku wa kuamkia 17 Julai 1918, katika nyumba ya mhandisi mmoja aitwaye Ipatiev mjini Yekaterinburg, watu 11 waliamshwa wakateremshwa chumba cha chini: Nikolai, mkewe Alexandra, mabinti Olga, Tatiana, Maria na Anastasia, Alexei wa miaka 13, pamoja na daktari, mpishi, mtumishi wa kiume na mjakazi. Hakutoka hata mmoja. Risasi nyingine zilidunda, kwa sababu mabinti walikuwa wameshonea vito ndani ya nguo zao za kifuani, na hilo liliwaongezea mateso badala ya kuwaokoa.

Maiti zilifichwa, na serikali ya Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa nchi, kwa muda mrefu ilikiri kifo cha Nikolai peke yake. Ndipo uvumi ukaota. Mwaka 1920 mwanamke aliopolewa kutoka mfereji wa maji Berlin, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na baadaye akadai ndiye Anastasia. Dunia ilimjua kama Anna Anderson. Kesi yake ilizunguka katika mahakama za Ujerumani hadi 1970 bila kuthibitishwa wala kukanushwa. Alifariki Marekani, Virginia, mwaka 1984.

Nyama iliyokatwa mwilini mwake wakati wa upasuaji ilikuwa imehifadhiwa hospitalini. Mwaka 1994 ilipimwa vinasaba: hakuwa na uhusiano na Alexandra. Alilingana na familia ya mfanyakazi wa kiwandani mwenye asili ya Poland, Franziska Schanzkowska. Mifupa ya familia ilifukuliwa nje ya Yekaterinburg mwaka 1991, na mmoja wa waliotoa damu ya kulinganishia alikuwa Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, kwa kuwa bibi mzaa mama yake alikuwa dada wa Alexandra. Watoto wawili walikosekana kaburini, na hapo waliokuwa na matumaini wakashikilia. Mwaka 2007 mabaki ya hao wawili nayo yalipatikana, si mbali na pale.

Ninayemhurumia katika kisa hiki ni shangazi. Olga Alexandrovna, dada yake Nikolai, alikwenda Berlin mwaka 1925 kumwona yule mgonjwa, akaketi kitandani pake, akarudi akasema huyu siye. Walimlaumu maisha yake yote kwamba amemkana mtoto wa kaka yake kwa ajili ya mali. Mali ipi? Alihamia Kanada mwaka 1948, akalima shamba Ontario, akawa anachora picha za maua na samovari, birika kubwa la chai la Kirusi, na kuziuza. Alifariki Novemba 1960 Toronto, katika fleti ya marafiki juu ya saluni.

Eti Peter Mkuu alikuwa na mtoto Mwafrika? (Msomaji, Kigoma)

Mtoto wa ubatizo. Kijana aliyetekwa Afrika akapitia utumwani Istanbul alifikishwa kwa Peter, naye akawa baba yake wa ubatizo mwaka 1705. Kwa hiyo jina lake la baba likawa Petrovich: Abram Petrovich Gannibal. Alisomea uhandisi wa ngome Ufaransa akapanda hadi kuwa jenerali. Wataalamu wanabishana kama alitoka upande wa Eritrea au karibu na Ziwa Chad. Kitukuu chake ni Alexander Pushkin, mshairi ambaye Warusi hawamweki mtu juu yake. Romanov hakuwa, lakini jina la Romanov mkubwa kuliko wote alilibeba katikati ya majina yake hadi kaburini.

Mwalimu, nami nilisoma Urusi ya Kisovieti. Wewe ulikuwa Leningrad enzi za "Tsar Romanov" wa chama. Je, kisa cha vyombo kilikuwa kweli? (Mstaafu mwenzako, Moshi)

Mzee mwenzangu, umenirudisha jikoni mwa bweni! Kwa wasiojua: mkuu wa chama cha Kikomunisti mkoa wa Leningrad, mji ambao leo ni St. Petersburg, tangu 1970 hadi 1983 aliitwa Grigory Romanov. Mtoto wa wakulima, mpiganaji wa vita vya pili, mtu wa viwanda na mizinga. Hakuwa na undugu wowote na watu wa Yekaterinburg. Lakini fikiria mji uliokuwa makao ya tsar, sasa unatawaliwa na mtu mwenye jina lilelile, mkali, na hapendi wasanii. Utani ulikuwa mwingi, na ulisemwa kwa sauti ya chini.

Kisa chenyewe: kwamba alimwoza binti yake katika Jumba la Tauride, akaagiza vyombo vya kauri vya Catherine Mkuu kutoka makumbusho ya Hermitage, wageni wakalewa wakavunja. Nilikisikia kwa mpishi wa bweni, kwa mwanafunzi mwenzangu kutoka Ethiopia na kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza tiketi za tramu, na kila aliyesimulia aliongeza sahani. Kwa mpishi zilivunjika chache, kwa mama wa tiketi ilikuwa seti nzima.

Haikuwa kweli. Romanov alikanusha, akasema harusi ilikuwa ndogo, nyumbani, na Hermitage nayo ikasema haikutoa kitu. Lakini kwa mtu aliyekuwa akitajwa kati ya wanaoweza kuurithi uongozi wa nchi, uvumi ule ulikaa kooni kama mfupa. Mwaka 1985 akashika Gorbachev, na Romanov akastaafishwa mwaka huohuo. Naamini angeitwa Ivanov, kisa kile kisingefika hata kituo cha pili cha tramu.

Mimi ni shabiki wa mpira tu. Yule Romanov wa Hearts ya Scotland alikuwa mfalme? (Msomaji, Arusha)

Alijiendesha kama mfalme, hilo mashabiki watakubali. Vladimir Romanov ni mfanyabiashara mzaliwa wa Urusi aliyekulia Kaunas, Lithuania, akawa mwenye benki huko. Aliitwaa Hearts ya Edinburgh mwaka 2005. Msimu wake wa kwanza kamili alimfukuza kocha George Burley mwezi Oktoba timu ikiwa kileleni mwa ligi! Hata hivyo walimaliza wa pili mbele ya Rangers na kuchukua Kombe la Scotland 2006, kisha tena 2012 kwa kuwapiga mahasimu wao Hibernian 5–1. Benki ikaanguka mwaka 2013, klabu ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa muflisi, na mashabiki wakachangishana fedha kuinusuru. Damu ya tsar hakuna, madeni yalikuwepo.

Nafuga kondoo, Nakuru. Nimeona mtandaoni aina ya "Romanov" inayozaa mapacha kila mara. Ni kondoo wa ikulu?

Hapana, ni kondoo wa wakulima, na ndio maana ni wazuri. Jina linatokana na mji wa Romanov kando ya mto Volga, mkoa wa Yaroslavl, ulioitwa kwa jina la mwanamfalme Roman wa kale, kabla nyumba ya tsar haijafikiriwa. Wabolsheviki walipofuta majina mwaka 1918 nao mji ukabadilishwa, leo ni Tutayev, lakini kondoo hakuna aliyewabadilisha jina. Wanazaliwa weusi, manyoya hugeuka kijivu wakikua, na jike kuzaa watatu au zaidi kwa mkupuo si ajabu. Walithaminiwa kwa ngozi ya makoti ya baridi kali. Usiagize kabla hujaongea na bwana mifugo wako kuhusu joto, minyoo, na nani atawanyonyesha hao wa tatu na wa nne kwa chupa saa nane usiku.

Natasha Romanoff wa Marvel ni wa ukoo? Na wa Hollywood je? (Barua tatu tofauti, Dar es Salaam na Nairobi)

Natasha ni wa kubuniwa, alizaliwa katika kurasa za katuni za Marekani mwaka 1964. Waandishi walitaka jina ambalo msomaji akiliona tu anasema "Mrusi". Ile "ff" mwishoni ni tahajia ya zamani ya Ulaya Magharibi. Kwa Kirusi mwanamke angekuwa Romanova.

Wa Hollywood ni bora zaidi. Mtu aliyezaliwa Lithuania kwa jina la Hershel Geguzin, akafika Marekani akiwa mtoto, alijifanya mwanamfalme Michael Romanoff kwa miaka na miaka, akafukuzwa nchini, akarudi kwa kujificha melini. Mwaka 1941 akafungua mgahawa Beverly Hills, ukaitwa Romanoff's. Humphrey Bogart alikuwa na meza yake humo. Wateja walijua fika kwamba mwenyeji wao si mwanamfalme, na walilipa bili ya kifalme wakicheka hadi mgahawa ulipofungwa 1962.

Nani mrithi halali leo? (Barua mbili)

Inategemea unamwuliza nani. Paul, yule mwana wa Catherine Mkuu, mwaka 1797 aliweka sheria kali: wanaume kwanza, na ndoa iwe ya mtu wa hadhi ya kifalme. Mwaka 1924 Kirill, binamu ya Nikolai, alijitangaza mfalme akiwa uhamishoni. Mjukuu wake Maria Vladimirovna, aliyezaliwa Madrid mwaka 1953, anadai uongozi wa nyumba hiyo, na mwanawe George alifunga ndoa mwaka 2021 katika kanisa kuu la Mtakatifu Isaka, St. Petersburg. Wanaompinga Maria wanasema mama mzazi wa Maria, wa ukoo wa Bagration wa Georgia, hakufikia hadhi ile.

Ndugu wengine waliunda chama cha familia mwaka 1979. Aliyekiongoza muda mrefu, Nicholas Romanov, alifuga ng'ombe Toscana, Italia, na akasema wazi kwamba anaona Urusi inafaa kuwa jamhuri. Mdogo wake Dimitri alikuwa mfanyakazi wa benki Denmark. Wote wawili wamefariki, 2014 na 2016. Mimi ningempigia kura mfuga ng'ombe, lakini hakuna uchaguzi.

Mtihani wetu uliuliza siku Tsar alipoacha madaraka. Niliandika 2 Machi 1917, mwalimu akaandika 15 Machi na kunikata alama. (Kidato cha sita, Iringa)

Nyote mko sahihi. Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya Julian, iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Iliachana nayo Februari 1918. Treni ikiwa imesimama Pskov, karatasi aliyotia saini Nikolai ilisomeka 2 Machi, na siku hiyohiyo London walikuwa 15 Machi. Siku iliyofuata ndugu yake Mikhail alikataa kukipokea kiti. Mpelekee mwalimu wako gazeti hili, msalimie kwanza, kisha umwombe alama yako. Na mara nyingine andika tarehe zote mbili.